Memori ya atomu ipo, ila kwenye simu yako usiisubiri leo

Kila nikisema nafanya utafiti wa nano (vitu vidogo vya kiwango cha atomu) swali linakuja lilelile, lini tutapata simu isiyojaa? Mi huwa najibu udogo wa memori wenyewe tulishaumudu kitambo, kinachotusumbua ni spidi.

Cheki hii. Mwaka 2016 pale Delft, Uholanzi, timu ya Sander Otte ilitandaza atomu za klorini juu ya shaba, zikajipanga mistari mistari, ila hapa na pale kumebaki tundu. Sasa kwa ncha ya darubini ya STM (inayohisi atomu moja moja kwa ncha kali, ile ya Binnig na Rohrer wa IBM Zürich, iliyowapa Nobel 1986) unasukuma atomu moja inaingia tunduni, na tundu linahamia pale atomu ilipokuwa, tundu likiwa juu hiyo ni 0, likiwa chini ni 1, basi, umeandika biti, yani hiyo 0 au 1 moja. Wakatengeneza kilobaiti moja nzima, kwa msongamano wa kama terabiti 500 kwa inchi moja ya mraba! Mi hiyo kazi naihusudu mpaka leo.

Lakini sasa, inataka ombwe safi kabisa, inataka baridi ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi -196, halafu ncha ni moja tu inapita biti baada ya biti, yani kusoma biti 64 tu ni suala la dakika, kuandika ndo usiseme. Nani atasubiri picha ya WhatsApp hivo?

Memori kadi yako inafanya kingine, inafungia elektroni ndani ya seli, vijumba vidogo vya kutunzia data. Watengenezaji walipozibana seli hadi karibu nanomita 15 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) elektroni zikawa chache mno na seli jirani zikaanza kuvurugana, kwa hiyo badala ya kubana zaidi wakajenga ghorofa, seli juu ya seli. Samsung walianza na tabaka 24 mwaka 2013, leo tumepita 200, na kwa maoni yangu hiyo ndo nano iliyobadilisha maisha ya watu kweli, ingawa haitangazwi sana.

Tatizo ni tamaa ya kupunguza bei. Ili seli moja ibebe biti nne lazima itofautishe viwango 16 vya chaji, chaji ikivuja kidogo tu kiwango kinasomeka kingine, na joto linaharakisha kuvuja. Kwa hiyo kama picha za harusi ziko kwenye flashi moja iliyochakaa, miaka imelala kabatini kwenye joto la Dar au Mombasa, zikopi na sehemu nyingine wikiendi hii.