Eti mbegu za GMO haziotagi msimu wa pili? Sio kweli

Hii ya kwamba ukivuna mazao ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, punje zake haziwezi kuota tena inasambaa sana na inawatisha wakulima wadogo bure. Teknolojia ya kufanya mbegu iwe tasa ilipewa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) kweli Marekani mwaka 1998, ila haijawahi kuuzwa kwa mkulima yeyote. Mahindi ya Bt, yale yaliyowekewa jeni ya bakteria wa udongo ili bungua akitafuna bua afe, ukifukia punje yake inaota kama kawaida.

Kinachowachanganya watu ni hibridi, yaani mbegu chotara inayopatikana kwa kuchanganya aina mbili za mmea. Mahindi mengi ya GMO ni hibridi pia, na hibridi yoyote, iwe GMO isiwe, ukirudia kupanda punje zake shamba linatoka halieleweki, mmea huu mrefu ule mfupi, mavuno yanashuka. Alafu kuna hataza na mikataba inayoweza kukukataza kuhifadhi mbegu, hilo ni suala la haki na ni zito kwelikweli, kwahiyo jamani wataalamu, mkulima akiuliza "nitaweza kurudia mbegu?" msimpe lekcha ya DNA, mjibuni hilohilo, kwamba itaota, mwambieni itazaa kiasi gani na sheria inamruhusu nini.