Mshale wa Fedha: jina lilivyoanza na magari yaliyolibeba

Ukisoma habari za magari ya zamani ya mbio ya Ujerumani, hukosi kukutana na neno Silberpfeil, yaani Mshale wa Fedha. Wengi hudhani ni aina moja ya gari. Sivyo. Ni jina la utani walilopewa Mercedes-Benz na Auto Union, kampuni mbili za magari za Ujerumani, kwa magari yao ya mbio ya mwaka 1934 hadi 1939, likarudi kwa Mercedes peke yake mwaka 1954 na 1955, na leo bado linaitwa kwa magari yake ya Formula One. Na fedha hapa ni rangi tu. Bodi zile za mwanzo zilikuwa za alumini, ile ile ya sufuria zetu, na ziling'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa kwa mchanga.

Enzi hizo gari la mbio lilivaa rangi ya nchi yake: Italia nyekundu, Ufaransa buluu, Uingereza kijani, Ujerumani nyeupe. Sasa nyeupe ilikwenda wapi?

Jibu linalosimuliwa zaidi ni hili. Juni 1934, mbio za Eifel, uwanja wa Nürburgring. Kanuni mpya ya Grand Prix, yaani mbio kubwa za magari za kimataifa, ilisema gari lisizidi kilo 750, bila kuhesabu dereva, mafuta, maji wala tairi. Mercedes W25 ikapandishwa kwenye mzani: kilo 751. Meneja wa timu, Alfred Neubauer, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba mafundi walikesha wakikwangua rangi nyeupe mpaka bati likabaki tupu, mzani ukakubali, na Manfred von Brauchitsch akashinda mbio.

Hadithi ni tamu, nami niliipenda sana nilipoisoma mara ya kwanza. Lakini ina nyufa. Mbio zile za Eifel hazikufuata kanuni ya kilo 750. Uzito ulikuwa huru. Auto Union walishapeleka magari yao ya rangi ya fedha kwenye mbio za Avus, Berlin, wiki moja kabla. Na huyo huyo von Brauchitsch alishinda Avus mwaka 1932 akiwa na Mercedes SSKL ambayo bodi yake ya alumini haikupakwa rangi kabisa.

Kwa hiyo mimi huanza na chuma chenyewe, si na usiku wa kukwangua. Waliotunga kanuni ya uzito walitaka kupunguza mwendo: gari jepesi, walifikiri, litabeba injini ndogo. Wajerumani wakaigeuza kanuni juu chini. Walipunguza uzito kila mahali kwa alumini na aloi nyepesi, kisha kilo walizookoa wakazipeleka kwenye injini. W25 ilianza na injini ya lita 3.4. Mwaka 1937 mrithi wake, W125, alikuwa na lita 5.66 na nguvu za farasi karibu 600, bado ndani ya kilo 750. Auto Union, kazi ya Ferdinand Porsche, iliweka injini ya silinda 16 nyuma ya dereva wakati wengine karibu wote wakiiweka mbele. Mkia wake ulipenda kuteleza, na aliyeumudu kuliko wote ni Bernd Rosemeyer, kijana aliyetokea kwenye mbio za pikipiki. Alikufa tarehe 28 Januari 1938 akisaka rekodi ya mwendo kwenye barabara kuu ya Frankfurt kwenda Darmstadt, saa chache baada ya Rudolf Caracciola wa Mercedes kufikisha kilomita 432.7 kwa saa papo hapo.

Isifichwe pia kwamba serikali ya Hitler ilitia pesa katika kazi hii, na ushindi wa magari haya ukatumiwa kuipamba. Ndiyo maana Tazio Nuvolari, Mwitaliano mwenye Alfa Romeo iliyozidiwa nguvu, anakumbukwa hadi leo kwa kuwashinda Wajerumani nyumbani kwao Nürburgring mwaka 1935.

Baada ya vita jina lilipata gari ambalo kwangu ndilo kilele chake: Mercedes 300 SLR ya 1955. Hili halikuwa gari la Grand Prix la kiti kimoja. Lilikuwa la viti viwili, magurudumu yamefunikwa, limetengenezwa kwa mbio ndefu. Katika Mille Miglia, mbio za Italia za Brescia hadi Roma na kurudi, karibu kilomita 1,600 za barabara za kawaida, dereva Mwingereza Stirling Moss aliondoka na namba 722, ambayo ndiyo saa yake ya kuondoka: 7:22 kwa saa za Kizungu, kwetu saa moja na dakika 22 asubuhi. Kando yake alikaa mwandishi wa habari Denis Jenkinson, mkononi kijisanduku cha alumini chenye kidirisha, ndani yake karatasi ndefu iliyoviringishwa, imeandikwa kila kona ya hatari. Injini ilinguruma kiasi cha kutosikilizana, hivyo Jenkinson alizungusha karatasi na kuashiria kwa mkono, na Moss akapanda vilele asivyoona ng'ambo yake bila kuachia mafuta. Walimaliza kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48, wastani wa kilomita 157 na ushei kwa saa.

Wiki sita baadaye, tarehe 11 Juni 1955, gari la aina hiyo hiyo likiendeshwa na Pierre Levegh katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, liligonga gari la mbele, likaruka, na vipande vyake vikaingia kwenye umati. Walikufa watazamaji zaidi ya 80, na Levegh mwenyewe. Bodi ya 300 SLR ilikuwa ya aloi ya magnesiamu, nyepesi kuliko hata alumini, na magnesiamu ikishika moto maji huuchochea. Wazima moto walipomwaga maji, moto ukazidi. Mwisho wa mwaka huo Mercedes ikajitoa kwenye mbio.