Kombe la Wightman: lilihimili vipigo 21, likauawa na 11

Ninapowafundisha makocha wapya kupanga timu, mfano wangu ni Kombe la Wightman, mashindano ya tenisi kati ya Marekani na Uingereza, wanawake watupu. Lilichezwa mara 61 kati ya 1923 na 1989, na Marekani wakalibeba mara 51. Ukiona hesabu hiyo utasema lilikufa kwa kuwa upande mmoja ulizidiwa mno. Mimi sikubali.

Hazel Hotchkiss Wightman, bingwa wa Marekani mara nne, alitoa kombe la fedha akitaka wanawake wapate kile wanaume walichokuwa nacho kwenye Davis Cup: mashindano ya mataifa mengi. Mataifa hayo hayakupatikana. Zikaanza nchi mbili tu, 1923, kwenye uwanja mpya wa Forest Hills, New York, Marekani wakashinda 7-0. Mwaka uliofuata, Wimbledon, Waingereza wakalipiza 6-1.

Mechi zilikuwa saba: tano za mmoja mmoja, mbili za wawili wawili. Mpangilio huo naupenda sana. Nyota wako atakuletea pointi mbili, akicheza na wawili wawili labda tatu. Ya nne lazima itoke kwa mtu ambaye hakuna anayemwimba. Tazama Royal Albert Hall, Novemba 1978. Chris Evert aliwachapa Sue Barker na Virginia Wade bila huruma. Lakini Michelle Tyler, aliyepangwa namba tatu, alipoteza seti ya kwanza kwa Pam Shriver, binti wa miaka 16 aliyetoka kucheza fainali ya US Open, kisha akazichukua mbili zilizobaki. Kwa pointi hiyo, Wade na Barker waliingia mechi ya mwisho matokeo yakiwa 3-3, wakawafunga Evert na Shriver 6-0, 5-7, 6-4. Waingereza hawakulishika tena kombe hilo.

Sasa pima hili. Kuanzia 1931 hadi 1957 Uingereza walifungwa mara 21 mfululizo na kombe halikutetereka, maana mwanamke aliyetaka kuichezea nchi yake hakuwa na kwingine pa kwenda. Walisubiri, na 1958 Christine Truman, miaka 17, akamwangusha Althea Gibson, bingwa wa Wimbledon, kombe likarudi kwao. Lakini 1963 ikaanza Federation Cup, nchi 16, hapo hapo London. Kufikia miaka ya 80 watu walitaka kumwona Steffi Graf wa Ujerumani na Hana Mandlíková wa Czechoslovakia, na kombe la nchi mbili halikuwa na nafasi yao. Safari hii vipigo 11 tu vilitosha. Cha mwisho, Williamsburg, Virginia, kilikuwa 7-0, sawa na kile cha kwanza. Kombe likasimamishwa, halijarudi.

Mataifa mengi aliyoyataka Hazel yalikwenda kwenye kombe lile jingine, ambalo tangu 2020 linaitwa kwa jina la Billie Jean King, mmoja wa Wamarekani walioshindwa pale Royal Albert Hall.