Ugumu sio nguvu, na ukakamavu sio wa gwaride tu

Wiki hii nimesikia neno "ugumu" mara tatu na mara zote tatu kilichokuwa kinaongelewa sio ugumu. Wa kwanza ni mdogo wangu mmoja anamalizia chuo hapa Mbeya, projekti yake kachanganya katani na rezini ya poliesta (ile gundi ya maji inayokauka ikawa plastiki) akatengeneza shiti, kanitumia ripoti niipitie kabla hajaipeleka, ukurasa wa kwanza tu nakutana na "katani imeongeza ugumu wa shiti kwa kiasi kikubwa". Wa pili fundi bodi pale Mwanjelwa, ananionesha bampa ya faiba aliyotoka kuikausha, anaigonga na kiganja, "kaka hii ngumu, hata ugonge ng'ombe haivunjiki". Wa tatu rafiki yangu tulikuwa tunaongelea mapanga ya mitambo ya upepo huko Ulaya, yakizeeka kuna wanaoyachoma ili wapate zile nyuzi za kioo wazitumie tena, na yeye anasema nyuzi zikishachomwa "zinapoteza ugumu". Watu watatu, neno moja, na kila mmoja ana kitu chake kichwani.

Tuanze na maana, haraka haraka. Shiti, bampa na panga la upepo vyote ni kompositi, na kompositi ni vitu viwili au zaidi vimeshikana vikafanya kazi pamoja bila kuyeyukiana, mara nyingi kimoja ni nyuzi na kingine ni kile kinachozishika hizo nyuzi, basi. Ukuta wa udongo uliokandwa na nyasi ni kompositi. Faiba ya bampa ni nyuzi za kioo ndani ya rezini. Ukitoa kioo ukaweka katani, au nyuzi za mgomba wa Tukuyu, au nyuzi zilizotolewa kwenye kitu cha zamani, bado ni kompositi. Ukitaka kujua inafaa kwa kazi gani unaipima, na kuipima ndio kuivuta, kuipinda, kuigonga na kuibonyeza, kila kimoja kivyake maana kila kimoja kinakupa jibu tofauti.

Sasa hapa kwenye majibu ndio pananiuma. Nguvu ni mzigo ambao kitu kinabeba mpaka kinakatika, ukiugawa kwa eneo. Tuseme kipande kina upana wa milimita 25 na unene wa milimita 4, kimekatika mashine ilipofika nyutoni 6,000, hapo una megapaskali 60, yaani nyutoni 60 kwa kila milimita moja ya mraba. Ile kanieneo tuliyosoma shule ya msingi hesabu yake ndio hii hii, kani gawanya kwa eneo. Ukakamavu ni habari nyingine kabisa, ni kitu kinagoma kiasi gani kubadilika umbo ukiwa bado hujakivunja. Ushupavu ni kiasi cha kishindo ambacho kitu kinameza kabla hakijapasuka. Na ugumu, ugumu wenyewe, ni uso wa kitu unavyokataa kubonyea na kuchubuka.

Ukitaka kuona kwamba havifuatani shika chaki. Chaki haipindi, kwa hiyo ina ukakamavu wake, ila nguvu haina, ukiilazimisha kupinda kwa vidole imekatika, na ugumu ndio kabisa haina maana kucha inaichimba. Kamba ya nailoni ni kinyume, itavuta gari limekwama kwenye tope lakini inanyumbuka kwanza ndio gari lisogee. Kioo cha dirisha ni kigumu kweli, msumari wa kawaida hauachi alama, tupia jiwe sasa.

Neno ukakamavu nalipenda na naona tumelinyima kazi yake. Siku hizi ukilitaja mtu anawaza mgambo, JKT, vijana wanaonesha ukakamavu kwenye gwaride mbele ya mgeni rasmi. Lakini kitenzi chake ni kukakamaa, na sisi watu wa baridi tunakijua vizuri kuliko mtu wa Dar. Mwezi wa saba Makete au Njombe, umesahau suruali ya jinzi kwenye kamba usiku, baridi ikapiga, asubuhi unaikuta imekakamaa, ukiishika kiunoni miguu inabaki imenyooka mbele kama ubao. Hiyo suruali ni kompositi, pamba ndani ya barafu! Angalia sasa kilichobadilika, uzi ni ule ule wa jana, kilichopanda ni ukakamavu. Ukiikunja goti unasikia kra, barafu imepasuka, ila suruali haiachani vipande viwili kwa sababu nyuzi zimeshika pande zote mbili za ufa, na huo ndio ushupavu ambao barafu peke yake haina. Mtoto wa Makete akishaiona hiyo suruali ameshaelewa nusu ya somo, shida ni kwamba akifika kidato cha kwanza masomo yanahamia Kiingereza, kanieneo na wenzake wanabaki shule ya msingi, na huku mtaani kila kitu kinageuka kuwa "kigumu".

Mtu ataniambia lugha inahama, acha watu waongee. Sina neno na lugha kuhama, hata katani ilihama, kwa Waarabu kattan ni kitani, mmea mwingine kabisa, mkonge tumeletewa mwaka 1893 na Mjerumani anaitwa Richard Hindorf na jina likahamia kwenye nyuzi zake kwa sababu kazi ni ile ile ya kusokota. Hapo hakuna aliyepotea. Ila neno moja likimeza vipimo vinne mtu anatengeneza kitu kibaya akiamini kizuri.

Mfano ni zile nyuzi za mapanga ya upepo. Nyuzi za kioo ukizipitisha kwenye joto la nyuzijoto 450 mpaka 600 ili rezini iungue, zinapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Ukakamavu wake je? Upo karibu pale pale, gigapaskali 70 na kitu (gigapaskali moja ni megapaskali elfu). Sababu ni kwamba ukakamavu unatoka kwenye mwili mzima wa uzi, ila nguvu inaamuliwa na sehemu moja mbovu kuliko zote, mkwaruzo mmoja tu usoni ambao macho hayauoni. Kwa hiyo nyuzi hizo kwa kitu kinachotakiwa kisipinde bado ni mali, kwa kitu cha kuning'inizia mzigo hapana. Mtu anaesema "zimepoteza ugumu" anazitupa zote. Na ndio maana pia tunapima vipande visivyopungua 5 na sio kimoja, hasa kwa nyuzi za shambani, mkonge uliokua kwenye mvua na uliokua kwenye ukame hawafanani.

Kwa fundi wa Mwanjelwa ugumu upo na una kazi, nilimwambia. Ule mtindo wake wa kukwaruza bampa kwa ncha ya msumari aone kama imekauka, hicho ndicho kipimo cha ugumu, kinamwambia kama hadena, ile dawa ya kukausha rezini, imefanya kazi na rezini imeshika. Hakimwambii chochote kuhusu ng'ombe. Ng'ombe ni suala la ushupavu, na akitaka bampa isipinde aongeze unene, unene ukiwa mara mbili ukakamavu wa kupinda unaenda mara nane.

Nikarudi kwa mdogo wangu, nikamwambia alete vile vipande vilivyokatika, sio ripoti. Kaleta kwenye bahasha. Ukivitazama karibu pale palipokatika unaona nywele za katani zimechomoza, nyingine ndefu kama nusu ya kucha, na upande wa pili kuna vitundu vidogo zilipochomoka. Maana yake nyuzi hazikukatika, zimeteleza zikatoka, rezini haikuzishika vizuri, angeziosha kwa kostiki soda kwanza zile nta za juu zingetoka zikashikana. Kwenye namba zake mstari wa mwanzo wa grafu umesimama wima kuliko wa rezini tupu, yaani ukakamavu umepanda, lakini nguvu ya kukatika ni karibu ile ile. Kazi yake ni nzuri sana, imemwambia kitu cha kweli, ni yeye ndio hajakisikia kwa sababu ya neno.

Basi mdogo wangu, pale ukurasa wa kwanza andika katani imeongeza ukakamavu, nguvu haijapanda na sababu uiseme, vile vitundu uvipige picha uweke. Hiyo sentensi ya ugumu ifute tu, uso wa shiti hujaubonyeza hata mara moja.