Foleni ikipungua, mapafu ya Dar yanapata nini?

Ni kweli miji iliyofungwa wakati wa korona ilipata hewa safi?

Kweli, ingawa si uchafu wote uliopungua sawa. Wuhan ilifungwa Januari 23, 2020, India nzima ikafuata Machi 25. Satelaiti zikaonesha naitrojeni dayoksaidi imeshuka sana juu ya miji ya China na kaskazini mwa Italia. Gesi hii hutoka kwa wingi kwenye injini, hasa za dizeli, na hukaa hewani saa chache tu, kwa hiyo magari yakisimama hupungua haraka. Huko Jalandhar, India, watu waliona milima ya Himalaya wakiwa juu ya mapaa yao. Vijana wengi hawakuwahi kuiona kutoka pale.

Dar je? Sisi hatukufungiwa ndani.

Ndiyo, hatukufungiwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, shule na vyuo vikafungwa, daladala zikaenda "level siti", yaani abiria wote wamekaa, lakini masoko na bandari viliendelea na kazi. Tusichukue picha ya India tukaibandika Buguruni.

Magari yakipungua, hewa ya nyumbani kwangu itakuwa salama?

Hapo ndipo penye kazi. Kinachoumiza zaidi ni chembe laini ziitwazo PM2.5, nyembamba kuliko unywele karibu mara thelathini. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu, na huchangia kiharusi, magonjwa ya moyo na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa kwa mwaka hadi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Awali kilikuwa 10.

Chembe hizi hazitoki kwenye ekzosi peke yake. Zinatoka kwenye jiko la mkaa, kwenye taka zinazochomwa uani jioni, kwenye vumbi la barabara. Ndiyo maana miji mingi iliyofungwa iliona gesi ya magari ikishuka kuliko chembe. Nawaza sana kuhusu watoto wetu waliorudishwa nyumbani mwaka ule: mtoto anayeshinda karibu na mkaa unaofuka hapati nafuu kwa sababu tu Ubungo hakuna foleni.

Barakoa ya kitambaa inazuia moshi?

Kidogo mno. Chembe laini zinahitaji N95, barakoa maalumu ya kuchuja chembe, iliyobana vizuri usoni.

Mwanangu ana pumu na tunaishi kando ya Barabara ya Mandela. Nifanye nini?

Kuhama si rahisi, najua. Malori yanapobanana, funga madirisha ya upande wa barabara, fungua ya nyuma. Mkienda shule piteni mtaa wa ndani. Moshi wa magari hupungua sana ukishaiacha barabara kuu mita mia kadhaa. Kituoni msisimame nyuma ya gari linalounguruma. Jiko la mkaa liwashwe nje, mbali na dirisha, na kamwe lisilale chumbani na watu, maana gesi yake huua bila harufu. Usichome taka, na jirani mwombe kwa upole.

Dawa ya kuvuta iwe karibu siku zote. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikivutwa ndani anapopumua, au midomo ikibadilika rangi, mpe dawa hiyo mkiwa njiani kwenda hospitali. Msisubiri asubuhi.