Makava ya aironi za gofu: kabla hujanunua, angalia shafti ya draiva yako

Mtu akitokea shimo la kwanza na aironi zake, zile fimbo za gofu zenye kichwa chembamba cha chuma, zimevishwa makava, kila moja na namba yake, utani huanza kabla hajachomeka hata tii, kijiti cha kuwekea mpira. "Mzee, hizo ni fimbo au ni watoto wachanga?" Mimi utani huo siupendi. Fimbo ni zake, pesa ni zake, na huko Japani na Korea Kusini makava ya aironi ni jambo la kawaida kabisa. Lakini mimi ni fundi wa fimbo za gofu, niko Mombasa, na ninachouliza ni kimoja tu: je, kava linakinga kitu kinachohitaji kukingwa? Kwa aironi nyingi zinazopita mikononi mwangu, halikingi. Na kwa hapa pwani mara nyingi ndilo linaloleta madhara.

Tuanze na ile kelele. Kedi, yule mbeba begi, akiinua begi begani, aironi hugongana, na mwenye fimbo mpya roho humruka. Kugongana huko kunaacha alama kweli: vishimo vidogo kwenye ncha ya kichwa, kwenye kingo za chini na mgongoni. Angalia alama hizo ziko wapi. Chache sana hukaa katikati ya uso, pale mpira unapogusa. Na mpira wenyewe hugusana na uso kwa takriban sekunde 0.0005, kisha umeondoka. Kishimo kilichoko mgongoni mwa aironi 7 hakina nafasi ya kuuambia mpira chochote.

Kanuni za gofu nazo ziko wazi. Kanuni ya 4.1a inasema fimbo ambayo utendaji wake umebadilika kwa sababu ya kuchakaa kwa matumizi ya kawaida bado ni halali. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba mikwaruzo itakutoa kwenye mashindano. Kinachoua aironi polepole ni mifereji ya usoni kulika, na inaliwa na mchanga, changarawe na mipira michafu ya mazoezi. Tangu mwaka 2010 watengenezaji wamebanwa kuhusu upana wa mifereji hiyo, kina chake na ukali wa kingo zake, hivyo fimbo mpya tayari inatoka kiwandani ikiwa na kingo zilizopunguzwa makali. Kilichobaki unakilinda kwa brashi na maji. Kava halimo.

Sasa chuma. Aironi nyingi zilizomiminwa kwenye kalibu ni za chuma cha pua, na aina mojawapo inayotumika sana huitwa 17-4. Namba hiyo inaeleza kilichomo: kromiamu karibu asilimia 17 na nikeli karibu asilimia 4. Ni ngumu. Hata nikiiweka kwenye mashine ya kupinda ili nibadilishe pembe, inanigomea. Aironi za kufuliwa, yaani zilizoundwa kwa kupigwa badala ya kumiminwa, ni kitu kingine: chuma laini chenye kaboni kidogo, asilimia 0.20 au 0.25 hivi, kisha juu kikapakwa nikeli na kromu. Hizi ndizo zinazopata alama upesi, na ndizo wenye nazo wanaozihurumia zaidi. (Wengine huniletea sumaku wakidhani itawaambia ipi ni ipi. Haitasaidia, 17-4 nayo inanasa sumaku. Tafuta maandishi ya mtengenezaji, au niletee.)

Katika aironi za kufuliwa ipo hoja ya kweli ya kutumia kava, na sitaificha. Tabaka la kromu ni jembamba mno. Likichimbwa na kichwa cha aironi jirani mpaka chuma kikaonekana, unyevu unapata mlango. Kutu haikai pale pale, inatambaa chini ya kromu na kuiinua. Ukiwa Nairobi au Limuru, ambako chumvi ya bahari haifiki, mchakato huo unaweza kuchukua muda mrefu sana. Huku kwetu, hasa kwa wanaocheza Mombasa Golf Club, pale Mama Ngina Drive ambapo bahari iko chini yako na upepo unakuja na chumvi yake moja kwa moja, mambo huenda haraka.

Basi ungedhani pwani ndiko kava linakohitajika. Subiri kwanza.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea seti ya aironi za kufuliwa, zote ndani ya makava meusi ya neoprini, ule mpira laini wanaoshonea nguo za wapiga mbizi. "Fundi," akaniambia, "hizi nimezitunza kama mboni ya jicho, mbona zimeota kutu?" Nikavua kava la aironi 7 na kulipindua ndani nje. Kitambaa kilikuwa na ubaridi wa unyevu, kimeshika vipande vya nyasi vilivyooza na mchanga, na kwenye mshono palikuwa na mstari mweupe wa chumvi. Kichwa chenyewe kwa mbali kiling'aa. Kwa karibu, kwenye shingo, pale kichwa kinapoungana na mpini, kromu ilikuwa imevimba malengelenge madogo. Nikakwangua kwa ukucha, kikabanduka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, na chini yake rangi ya kahawia. Usoni hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja wa kugongana. Makava yalifanya kazi yaliyonunuliwa kuifanya, na muda wote huo yalikuwa yakiufungia ndani umande wa asubuhi, jasho la mikono na chumvi.

Nikamwambia, "Mwalimu, kava si baya. Ubaya ni kulivisha juu ya fimbo mbichi na kuliacha mpaka Jumamosi ijayo." Ili kava lifae pwani, inabidi ukimaliza raundi uvue yote, uoshe vichwa, uvikaushe, uanike makava, halafu uvishe tena siku ya pili. Sijaona mchezaji anayefanya hivyo kwa kudumu. Wachache wanaojaribu huchoka.

Na ukiosha, angalia maji. Majumbani na hata kwenye klabu nyingi za hapa maji ni ya kisima na yana chumvi. Ukiosha aironi kwa maji hayo na kuiacha ijikaushe, umeipaka chumvi kwa mkono wako. Suuza mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikombe kimoja kinatosha seti nzima ukitumia kitambaa, halafu futa mpaka pakauke, hasa kwenye shingo.

Kwenye uwanja makava yana kero yake pia. Kanuni ya 5.6b inapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu zamu yake ifike bila kizuizi. Vua, shika mfukoni, piga, futa, visha, zidisha kwa kila aironi ya siku nzima. Kisha kedi anagundua kava la aironi 9 limebaki kando ya grini ya shimo la nne, na nyie mko la sita. Hapo hata mimi nisiyependa utani hunyamaza tu.

Kitu ninachotamani watu wakihurumie ni shafti, yaani mpini wa fimbo, ya grafaiti (nyuzi za kaboni), na sababu yake ni ya vipimo tu. Draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote ya kupigia mpira mbali, ina urefu wa inchi 45 hivi, aironi 7 karibu inchi 37. Zikisimama pamoja begini, kichwa cha aironi kinakuwa kama sentimita 20 chini ya kichwa cha draiva. Pale sentimita 20 chini kuna nini? Shafti ya draiva, nyembamba na ya grafaiti. Kila hatua ya kedi, kila tuta la barabarani, chuma kinaipiga mahali pale pale. Begi lenye vyumba 14 halitakuokoa, kwa sababu vyumba vinatenganisha shafti kule chini ilhali vichwa vinakutana juu, nje ya vyumba.

Chukua draiva yako sasa. Vua kava, shika shafti karibu na dirisha na uizungushe taratibu, halafu pitisha ukucha kuanzia chini ya kichwa kuelekea kwenye mshikio. Rangi ikiwa imekwaruzika na ukucha unateleza bila kukwama, hakuna shida, ni sura tu. Ukucha ukikwama, ukaona nyuzi nyeusi zimefumuka au pamebonyea, usiipige tena kabla fundi hajaiona. Grafaiti haitoi taarifa kama chuma kinavyojipinda kwanza. Inakatika katikati ya mpigo, na kichwa kinaweza kumfuata mtu aliyesimama mbele yako.

Dawa yake ni rahisi. Nunua kava la draiva lenye soksi ndefu linalofunika pia sehemu ya juu ya shafti. Soksi hizo za zamani za kufuma, zenye kishada juu, wengi huziona ni urembo wa wazee, kumbe hazikuwa ndefu bure. Panga fimbo ndefu upande wake na aironi upande wake. Kagua pia mdomo wa begi: kitambaa laini kikiisha na plastiki ngumu ikatokeza, inasugua shafti zote, za draiva na za aironi, na kava la kichwa halifiki huko.

Wapo ninaowaambia wanunue. Unayesafiri kwa ndege na seti ya kufuliwa, vaa makava safarini, ukifika vua. Unayebadilisha seti kila mwaka na kuuza ya zamani, mnunuzi anaangalia sura, kwa hiyo mikwaruzo kuwa michache ni pesa kwako. Unayepita barabara ya mashimo kila wikendi huku begi limelala kwenye buti, taulo nene lililopitishwa katikati ya vichwa linafanya kazi ile ile kwa bei ya taulo. Pata nayo, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ivalishe daima, maana nyuso za pata nyingi ni laini na pigo lake ni dogo, kishimo usoni pale kinaweza kuonekana kwenye mwendo wa mpira.

Weji, zile fimbo fupi za kunyanyulia mpira, zisizopakwa kromu usizivishe kitu chochote. Hizo zimetengenezwa zipate kutu, na waliozinunua walijua. Kutu ikizidi ladha yako, brashi ya nailoni na matone mawili ya mafuta ya cherehani.