Usifute: Ushahidi wa Uhalifu wa Mtandaoni Unaanzia Kwenye Simu Yako

Msimu wa korosho, wakulima wakishalipwa na vijana wakishanunua simu mpya, malalamiko ya mtandaoni huongezeka kwenye dawati letu la polisi hapa Mtwara. Wapo wanaotoka Chuno na Shangani, wapo waliopanda basi alfajiri kutoka Newala. Wengi hata kiti hawajakalia wanatamka maneno yaleyale: "Afande, hao wako kwenye mtandao wa giza, hawakamatiki."

Wanakamatika.

Mtandao wa giza ni sehemu ya intaneti iliyofichwa, isiyofikiwa kwa kivinjari cha kawaida. Tor, programu inayotumika sana kuingilia huko, huupitisha ujumbe kwenye kompyuta kadhaa za watu wa kujitolea ili isijulikane ulikotoka. Asili yake ni maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, na wapo wanaoitumia kihalali, waandishi wa habari wakiwemo. Lakini mhalifu bado lazima apokee fedha, atume mzigo, ajibu barua pepe. Hapo ndipo anapokosea.

Novemba 2015 Uingereza ilitangaza kikosi cha pamoja cha GCHQ, shirika lake la kijasusi la mawasiliano, na NCA, wakala wake wa kupambana na uhalifu mkubwa. Walianza na wanaowadhalilisha watoto kingono. Majasusi wanajua kufumbua mawasiliano ila hawana mamlaka ya kumkamata mtu; NCA ndio wanaogonga mlango na kubeba ushahidi hadi mahakamani. Mwaka 2017 polisi wa Uholanzi walilishika kimyakimya soko la siri la Hansa kwenye mtandao wa giza, wakaliendesha karibu mwezi mzima. Wamarekani na wenzao walipolifunga soko la AlphaBay, wateja wake walikimbilia Hansa, moja kwa moja mikononi mwa polisi. Anwani zipatazo 10,000 za wanunuzi wa nchi nyingine zilikabidhiwa Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya.

Sisi nasi hatufanyi kazi peke yetu. Picha ya mtoto aliyedhalilishwa inaweza kulinganishwa na zilizomo kwenye hifadhidata ya INTERPOL, na wachunguzi huangalia vitu ambavyo wewe hukuvitazama: sare ya shule, kanga iliyotundikwa ukutani, sauti ya adhana au redio kwa mbali. Jina la kanga peke yake linaweza kutuelekeza ukanda gani wa dunia tumtafute huyo mtoto.

Sasa, hili linanikera na nitalisema wazi. Kila mara video ya aina hiyo inapozuka, watu wazima, wenye watoto wao, huisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp "ili wazazi wajihadhari". Huko si kujihadhari. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia ya watoto au kuwezesha wengine kuifikia kupitia mfumo wa kompyuta, na simu yako ni mfumo wa kompyuta. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au mara tatu ya faida uliyopata, yoyote iliyo kubwa zaidi. Au kifungo kisichopungua miaka saba. Au vyote viwili. Nia njema utaieleza mahakamani. Na yule mtoto ameshatazamwa na mtaa mzima.

Ukitumiwa, usisambaze, usipige skrinshoti ya picha yenyewe, usifute. Andika kwenye karatasi namba iliyotuma, jina la grupu, tarehe na saa. Usijitoe kwenye grupu kabla hujatuona. Njoo kituoni siku hiyohiyo, uliza dawati la jinsia na watoto, utoe maelezo na upewe RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Simu ikichukuliwa, itajazwa hati yenye alama za kuitambulisha simu hiyo. Isome kabla ya kusaini, ubaki na nakala. Tunasumbuka na karatasi hizi kwa sababu mahakama huuliza ushahidi wa kielektroniki ulitunzwaje tangu ulipochukuliwa, na kesi nzuri huweza kuangukia hapo. Aliye mbali na kituo, Liwale ndani au Nanyumbu, apige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Namba za matapeli wa fedha zitume 15040.

Na ndiyo, simu inaweza kukaa kwetu muda mrefu kuliko utakavyopenda. Kabla ya kuja, andika pembeni namba za ndugu zako.